Kushuka mlima na gari la haibridi: B ni ya nini, na breki uzitumie vipi

Toyota Aqua mpya, gari la haibridi yaani lenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, ikiingia mtaani kwetu, haziishi wiki mbili mwenyewe hajanitafuta. Swali la kwanza: "Hii B kwenye gia ni ya nini?" La pili huja akishaijaribu: "Mbona nikiiweka injini inanguruma kama inataka kupasuka?" Aliyenifanya nikae chini niandike haya yeye hakuuliza kitu. Alinieleza tu, kwa kujiamini, kwamba mjini anatembelea B asubuhi mpaka jioni kwa sababu "inachaji betri", na akifika mteremkoni anaweka nyutro "gari lipumzike". Yaani mambo yote kichwa chini miguu juu.

Mimi nimekulia Lushoto, kazi yangu iko Tanga. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi, na gari linashuka karibu mita 1,000. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili korongo, na kwenye kona unakutana na Fuso inayopanda imechukua barabara yote. Hapo ndipo nilipojifunzia, tena kwa aibu.

Mara ya kwanza kushuka na Aqua nilikuwa na mjomba wangu mbele na magunia mawili ya viazi nyuma. Nikashuka na D, gia ya kawaida ya kwenda mbele, mguu juu ya breki, kona baada ya kona. Tulipoupita mji mdogo wa Soni, njiani, mjomba akanusa, akasema, "Mjomba, nani anachoma mpira huku?" Nikapaki pembeni. Tairi la mbele kushoto lilikuwa linatoa moshi mwembamba, na ukisogeza kiganja karibu na rimu unaurudisha haraka. Mjomba ameendesha lori la Bedford miaka mingi. Akaniuliza, "Ulipanda na gia gani?" Nikamwambia gari hili halina gia za kubadilisha. Akaangalia kwenye gia pale, akaweka kidole kwenye ile herufi ya mwisho. "Na hii?"

Mwongozo huu ni wa Toyota za haibridi kama Aqua, Prius na ndugu zao, maana ndizo nyingi barabarani. Magari mengine nimeyagusia kidogo baadaye. Unayeshuka mlima wa Kitonga kwenda Ruaha Mbuyuni, au unayeteremkia Mai Mahiu huko Kenya, hatua ni hizi hizi.

Nadharia, kidogo tu

B si "betri". Ni breki, breki ya injini.

Gari la haibridi lina njia tatu za kupunguza mwendo. Ya kwanza ni mota: ukiachia mafuta au ukigusa breki, mota inageuka jenereta, inazuia magurudumu na kurudisha umeme kwenye betri kubwa. Ya pili ni injini: mota nyingine inaizungusha injini bila mafuta, na kazi hiyo ya kuizungusha inakula nguvu ya mteremko. Ya tatu ni breki za kawaida, pedi na diski, ambazo kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa joto.

Sasa hesabu moja. Aqua yenye watu wanne na mizigo yao ni kama kilo 1,400. Ukiishusha mita 1,000 inatoa nguvu inayokaribia yuniti 4 za umeme, yuniti zile zile unazonunua kwenye LUKU. Upepo na tairi vitakula sehemu yake. Lakini betri kubwa ya Aqua, nzima, ni yuniti 0.94. Ya Prius za mwaka 2003 hadi 2015 ni yuniti 1.3. Tena kompyuta hairuhusu ijae mpaka juu wala ikauke mpaka chini, kwa hiyo nafasi unayoitumia kweli ni ndogo zaidi ya hapo. Betri itajaa ungali na kona nyingi mbele yako.

Ikishajaa, nguvu iliyobaki ni lazima iende mahali. Itaishia kwenye injini kama kelele, au itaishia kwenye diski kama moto. B ndiyo inayoipeleka kwenye injini.

Na hapa pana mtego ambao wenye magari ya kawaida hawana. Kwenye haibridi, pedali ya breki haikuambii nani anafanya kazi. Betri ikiwa na nafasi, ukikanyaga, mota ndiyo inayozuia na pedi hazijagusa diski. Betri ikijaa, unakanyaga vile vile, pedali ni ile ile, gari linapungua vile vile, lakini sasa kila kitu ni pedi. Mguu haujui. Mimi siku ile nilidhani ninachaji mpaka Mombo, kumbe nilikuwa nachoma.

Vya kuangalia kabla hujaanza

- Mafuta ya breki. Yawe kati ya alama mbili kwenye kikopo chake, na yasiwe meusi. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa taratibu, na yakiwa na maji huchemka mapema diski zikipata moto. Yakichemka, pedali inazama. Kama hujui yalibadilishwa lini, na gari lililotumika kutoka Japani kwa kawaida hujui, yabadilishe sasa, kisha kila baada ya miaka 2.
- Pedi za mbele. Chini ya milimita 3 usiende mlimani.
- Dashibodi bila taa ya breki, ya ABS, wala ile pembetatu nyekundu. Taa ikiwaka, safari ni ya gereji.
- Tundu la hewa la betri kubwa. Kwenye Aqua liko chini ya siti ya nyuma, kwenye Prius liko ubavuni mwa siti ya nyuma. Usiliwekee begi wala kanga. Vumbi la kwetu hulijaza, na betri ikikosa hewa hupata joto, kisha kompyuta huipunguzia chaji.
- Skrini iwe kwenye ukurasa unaoonyesha betri na mishale ya nguvu. Kama maandishi bado ni Kijapani haidhuru, picha zinatosha: gurudumu, betri, injini, mishale kati yake.
- Mzigo ufungwe. Gunia likija mbele wakati unakanyaga breki halitaomba radhi.

Sehemu ya kwanza: jizoeze tambarare

Usiifanyie B majaribio ya kwanza mlimani. Tafuta barabara iliyonyooka, asubuhi ya Jumapili, nyuma yako kusiwe na mtu.

1. Jifunze kusoma mshale. Nenda 50 kwa saa, kisha achia mafuta kabisa. Kwenye kipimo cha dashibodi utaona alama inaingia eneo lililoandikwa CHG, yaani chaji. Hiyo ni mota inazuia, kidogo tu. Sasa gusa breki kama unayemgusa mtoto aliyelala. Alama inazama zaidi ndani ya CHG. Ongeza mguu polepole mpaka alama ifike mwisho wa CHG na isisogee tena. Ukizidisha hapo, kilichoongezeka ni pedi. Rudia mara tano, sita, mpaka mguu wako ujue mwisho wa CHG uko wapi bila macho kuangalia.

2. Jifunze kusimama mapema. Ukiona taa nyekundu mbele, au daladala imeanza kuwasha indiketa, achia mafuta mapema kisha breki laini na ndefu. Ukisubiri mpaka karibu halafu ukakanyaga kwa nguvu, mota haiwezi kupokea nguvu yote hiyo kwa mkupuo, nyingine inapotelea kwenye diski. Ukishuka chini ya kilomita 10 kwa saa hivi, mota inajitoa na pedi zinamalizia. Kwa hiyo mtetemo mdogo unaousikia mwishoni si ugonjwa.

Kwa mjini ni hayo tu. D na mguu mzuri. Ukiuliza chaji inatoka wapi, inatoka kwenye pedali ya breki unapoikanyaga taratibu, na wala haitoki kwenye herufi B. Anayetembelea B mjini kutwa analazimisha injini izungushwe bure kila akiachia mafuta, na sehemu ya nguvu ambayo ingeingia kwenye betri inaishia kwenye silensa. Gari halitaharibika. Litakunywa tu mafuta zaidi, halafu mwenyewe atasema haibridi ni uongo wa Wajapani.

3. Ionje B. Bado tambarare, mwendo 40, mguu umetoka kwenye mafuta. Kwenye Aqua vuta gia kutoka D kwenda B. Kwenye Prius yenye kigia kidogo cha kwenye dashibodi, kivute chini moja kwa moja kisha kiachie, kitarudi katikati chenyewe. Angalia herufi B iwake. Huna haja ya kusimama, wala kugusa breki. Gari litajivuta nyuma kidogo kama limeshikwa mkia. Rudisha D. Fanya hivyo mpaka uweze bila kutazama chini, kwa sababu mlimani macho yana kazi nyingine.

Sehemu ya pili: mteremko mfupi

4. Mteremko wa daraja, wa kuingia bondeni na kutoka, wa dakika moja: baki D na utumie breki laini kama hatua ya 2. Betri ina nafasi, mota itapokea karibu yote, na kwenye mwinuko unaofuata utarudishiwa. Hapa B ni hasara.

Sehemu ya tatu: mteremko mrefu

Hapa ndipo B iliposomea. Mteremko mrefu naouita mimi ni ule ambao madereva wa malori wanatia gia nzito kabla ya kuuanza. Ukiona lori lililo mbele yako limepunguza mwendo kileleni bila sababu unayoiona, sababu ndiyo hiyo. Mfuate.

5. Kileleni, kabla barabara haijainama, punguza mwendo mpaka 30 au 40. Hili ndilo watu wengi wanalikosea. Wanaanza kushuka na 70, wanaona kona, ndipo wanakumbuka B. Breki ya injini ni nzuri ya kuulinda mwendo uliokwisha kuwa mdogo; kuukamata mwendo uliokimbia siyo kazi yake.

6. Weka B hapo hapo. Wapo wanaoshauri ushuke kwanza na D mpaka betri ijae, ndipo uweke B, ili usipoteze chaji. Kimahesabu wana hoja. Ila betri itajaa tu hata ukiwa B, kwa sababu kwenye B nayo mota inachaji. Unachookoa kwa kusubiri ni kidogo mno, na unachohatarisha ni kujisahau. Mimi naweka B kileleni, naiacha mpaka chini.

7. Achia mafuta kabisa, sikiliza. Mwanzoni injini itazunguka kidogo. Betri ikikaribia kujaa, mngurumo utapanda, na ikijaa utasikia kama mtu anakanyaga mafuta gia ya kwanza. Abiria watakutazama. Waambie ukweli: mafuta yamekatwa, injini inazungushwa na umeme wa magurudumu, haichomi tone. Injini imetengenezwa kuhimili mzunguko huo, na kompyuta haiwezi kuiruhusu ipite kikomo. Ukiogopa kelele ukarudisha D, sehemu kubwa ya kazi umeitupia diski.

(Hata ukiwa D, betri ikijaa kabisa gari lenyewe linaweza kuanza kuizungusha injini. Ndiyo sababu wengine hupiga simu wakisema "gari limepandisha mafuta lenyewe". Halijapandisha kitu.)

8. Chagua mwendo wa juu na wa chini, kisha breki za kukanyaga na kuachia. B si muujiza. Gari likiwa na watu watano na viazi, kona za chini ya Soni litaongeza mwendo hata kwenye B. Sema kikomo chako ni 40. Liache lipande taratibu mpaka 40, kanyaga breki kwa uthabiti mpaka 30, halafu toa mguu kabisa. Kabisa, usiupumzishe juu ya pedali. Muda ambao mguu uko nje ndio muda ambao diski zinapoa. Anayeshuka huku anabonyeza kidogo kidogo bila kuachia hazipi diski nafasi ya kupumua, na hivyo ndivyo nilivyofanya mimi siku ya moshi.

9. Kila baada ya kona kadhaa tupia jicho betri. Ikiwa imejaa, jua kwamba kuanzia sasa kila unapokanyaga breki unatumia pedi peke yake. Panua nafasi kati yako na wa mbele, punguza kikomo chako. Kutoka 40 weka 35.

10. Mkumbuke wa nyuma. B inapopunguza mwendo, taa za breki haziwaki. Coaster iliyo nyuma yako inaona gari linalopungua bila kutoa ishara. Gusa pedali kidogo, taa ziwake, kisha endelea. Na akiwa na haraka, mwachie apite penye nafasi.

11. Mvua ikinyesha, au ukiwa kwenye udongo kule ndani kama njia za kwenda Mtae, usiachie mafuta kwa ghafla ukiwa B. Magari haya mengi huvutwa na magurudumu ya mbele, na kizuizi chote cha B kinaangukia hayo mawili. Kwenye utelezi yanaweza kuserereka na usukani ukakosa pa kushika. Toa mguu polepole, na uingie kona ukiwa umeshapunguza.

12. Ukifika chini rudisha D. Kama unanusa moto, usisimame papo hapo huku umeng'ang'ania breki. Endesha taratibu kilomita moja au mbili upepo uzipooze, kisha paki pasipo mteremko. Vijana wa kuosha magari wakija mbio na ndoo, wazuie. Maji baridi kwenye diski yenye moto huikunja, na tangu siku hiyo usukani utatetemeka kila ukishika breki.

Makosa ninayoyaona kila siku

Nyutro. Hili nalitanguliza kwa makusudi. Gari la haibridi likiwa N, mota imejitoa: haizuii na haichaji. Injini nayo haizuii. Umebaki na pedi peke yake, kwenye mteremko, na mwendo unaopanda wenyewe. Na mafuta unayodhani umeyaokoa hayapo, kwa sababu ukiwa D au B na umeachia mafuta, injini tayari haichomi kitu. Nimeshawahi kukaa siti ya nyuma kwenye gari linaloshushwa nyutro usiku. Nilishuka Soni nikasema nina ndugu wa kumwona pale. Sikuwa na ndugu.

Kuzima gari likishuka. Usukani unakuwa mzito, msaada wa breki unabaki wa akiba tu. Taa ya READY, inayoonyesha gari limewashwa, iwake mpaka usimame.

Mguu wa kushoto kwenye breki, wa kulia kwenye mafuta. Unapigana na gari lako mwenyewe. Mguu mmoja unatosha pedali zote mbili.

Kruzi (ile ya gari kujishikia mwendo lenyewe) mlimani. Ukiweka B inajitoa yenyewe, na ni vizuri ijitoe.

Kuiamini skrini kupita barabara. Niliyemfundisha mmoja alianza kuhesabu vipande vya betri kama mtu anayehesabu pesa, karibu amgonge mbuzi. Jicho moja, sekunde moja, basi.

Kama gari lako si Toyota ya B

Nissan Note e-Power, iliyotoka mwaka 2016, nayo ina B, lakini magurudumu yanaendeshwa na mota tu, na ukichagua hali ya S au ECO, kuachia mafuta peke yake kunaweza kulisimamisha gari kabisa. Ukitoka kwenye Aqua, jizoeze upya tambarare, utashtuka. Mitsubishi Outlander ile ya kuchomeka kwenye umeme ina vipini nyuma ya usukani vya kuchagua nguvu ya kizuizi, kutoka B0 hadi B5: mlimani panda namba za juu. Baadhi ya Toyota kubwa, kama RAV4 ya haibridi, zina S yenye namba badala ya B. Kadiri namba inavyopungua ndivyo kizuizi kinavyoongezeka. Gari la petroli la otomatiki lenye L au 2, kanuni ni ile ile ya mjomba na Bedford yake: gia inayokupandisha ndiyo ikushushe.

Haibridi yoyote uliyo nayo, nafasi ya chaji ikiisha kwenye betri, kizuizi cha mota kinapungua. Hilo halina Toyota wala Nissan.

Likitokea hili, fanya hivi

*Pedali imekuwa laini au inazama katikati ya mteremko.* Hii ndiyo dharura. Hakikisha uko B. Pampu pedali haraka haraka, presha inaweza kurudi. Vuta breki ya mkono kidogo kidogo, usiivute yote kwa mara moja. Kwenye Prius nyingi ni pedali ndogo ya kushoto, ikanyage kwa awamu. Washa hazadi, piga honi. Usibonyeze P, usiweke N. Ukikosa namna, egemeza gari upande wa ukuta wa mlima, si upande wa korongo. Likishasimama, subiri lipoe kabisa, na usiliendeshe tena mpaka mafuta ya breki yabadilishwe, hata kama pedali imerudi kuwa ngumu.

*B inaonekana haina nguvu leo.* Kwanza angalia mwendo. Uliianza ukiwa umeshakimbia. Pili, mzigo. Tatu, betri yenye joto: kama gari lilianikwa juani mchana kutwa au tundu la hewa limeziba, kompyuta inapunguza chaji. Safisha tundu na feni yake, na uache kiyoyozi kifanye kazi ndani, maana betri inavuta hewa ile ile mnayovuta nyinyi.

*Betri inajaa upesi mno na kuisha upesi mno.* Tambarare tu, vipande vinapanda vyote kwa dakika chache, kisha vinaporomoka. Hilo si la B, ni betri imechoka, au seli moja imekufa. Ipimwe kwa kompyuta, kila seli peke yake.

*Ukipita tuta huku umeshika breki, gari linaachia kwa nukta moja kisha linashika.* Mota imejitoa gurudumu liliporuka, na breki za kawaida zinapokea kazi. Kidogo ni kawaida. Prius za mwanzo za kizazi cha tatu zilikuwa nalo kiasi kwamba mwaka 2010 Toyota iliziita zirudi kubadilishiwa programu ya ABS. Kama lako ni la miaka hiyo na linafanya hivyo sana, uliza kama lilifanyiwa. Wakati huo huo, maliza breki kabla ya tuta, si juu yake.

*Unafungua mlango wa dereva, unasikia "nzzz" kutoka mbele.* Pampu ya breki inajiandaa. Ni kawaida. Isiyo ya kawaida ni ile inayolia kila baada ya sekunde chache gari likiwa limesimama na hujagusa pedali: presha inavuja ndani. Mara nyingi taa za breki na ABS hufuata, na mlio usiokatika. Hapo hakuna "nifike nyumbani kwanza".

*Fundi amebadilisha mafuta ya breki na sasa pedali ni ya ajabu.* Kutoa hewa kwenye breki za haibridi kunahitaji kompyuta iamrishe pampu na valvu zake. Fundi mmoja, tena mzuri kwenye Corolla za zamani, alinifanyia kwa njia ya kupampu kwa mguu, nikatoka pale na pedali kama sponji na dashibodi inayowaka mti wa Krismasi mzima. Kabla hujamkabidhi ufunguo muulize kama ana mashine ya kuunganisha. Akisema haihitajiki, mshukuru, nenda kwingine.

*Diski zina kutu na zinakwaruza asubuhi.* Kwetu pwani, Tanga, Dar, Mombasa, hili ni la kila mtu: mota inafanya kazi nyingi, pedi hazigusi diski, chumvi ya hewa inamaliza zilizobaki. Mara moja kwa wiki, barabara tambarare iliyo tupu, mwendo usiozidi 40, weka N na ushike breki mpaka usimame, mara tatu au nne. Hapo N ina kazi, kwa sababu inaitoa mota na kuziachia pedi zisugue kutu. Kila ukibadilisha pedi, pini za kaliper zitolewe, zisafishwe na kupakwa grisi yake. Nilizozikuta kwenye Aqua yangu zilikuwa zimeganda mbili kati ya nne. Ya mbele kushoto ilikuwa mojawapo.